Presi, skwoti na dedilifti zilipokwama kwa pamoja: kisa cha muuguzi mmoja wa Kisumu

Usuli

Kisa hiki ni cha muuguzi wa kike wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wadogo, anayefanya kazi kwa zamu katika hospitali moja mjini Kisumu. Nimeondoa yote yanayoweza kumtambulisha, na ninayaandika haya kama kocha wake, kwa idhini yake. Jimuni tulimwita Sista, kama wagonjwa wanavyomwita wodini, na humu atabaki Sista.

Mgongo ndio uliomleta kwenye vyuma. Kazi ya wodini ina mizigo ambayo wengi hawaioni: kumgeuza mgonjwa aliyelala wiki nzima, kumshusha mwingine kutoka kwenye machela, kusukuma mtungi wa oksijeni. Mgongo ulimshika, akatibiwa, na mtaalamu wa fiziotherapia akamwambia kwamba akishapona aanze kuupa nguvu. Akajiunga na jimu ndogo ya mtaani: paa la mabati, sakafu ya saruji, chuma kimoja kirefu cha kilo 20 ambacho jioni watu hukipigia foleni, na sahani za uzani zilizomiminwa hapa hapa nchini.

Programu aliyopewa ilikuwa ya kawaida. Siku tatu kwa wiki. Siku moja skwoti (kuchuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mabegani), benchi presi (kulala chali na kusukuma chuma kutoka kifuani) na kuvuta chuma kuelekea tumboni. Siku inayofuata skwoti, presi ya juu ya kichwa, ambayo humu naiita presi tu, na dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni hadi umesimama wima). Seti tatu za marudio matano, yaani unainua mara tano, unapumzika, na unafanya hivyo mara tatu, isipokuwa dedilifti ambayo ni seti moja. Ukimaliza marudio yote, unaongeza uzani siku ijayo. Wazo hili lina umri mkubwa na heshima yake. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, aliandika mwaka 1945 jinsi alivyowarudishia nguvu askari waliojeruhiwa kwa kuwabebesha uzani mzito na kuuongeza hatua kwa hatua, wakati desturi ilikuwa kuwapa wagonjwa kama hao mazoezi mepesi ya kurudia mara nyingi.

Miezi tisa ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Skwoti ilitoka kwenye chuma kitupu cha kilo 20 ikafika 70. Dedilifti ilitoka 40 ikafika 95. Presi ilitoka 20 ikafika 30. Wodini aliacha kujishika kiuno kila akiinuka. Kisha kila kitu kikasimama, na kikakaa hivyo kwa wiki saba.

Kasi kupungua baada ya miezi kama hiyo ni jambo la kutarajiwa. Anayeanza hupanda haraka kwa sababu mwanzoni neva ndizo zinazojifunza kuiita kazini misuli iliyopo. Misuli yenyewe hukua taratibu zaidi. Lakini kupungua kasi ni kitu kimoja, na kusimama wiki saba katika mazoezi matatu kwa wakati mmoja ni kitu kingine. Hapo panahitaji kuchunguzwa.

Alichokuwa amejaribu mwenyewe

Alipokuja kwangu alikuwa tayari ameongeza siku ya nne ya mazoezi. Alikuwa ameongeza seti mbili za skwoti kila siku. Alikuwa anakimbia alfajiri siku ambazo hana zamu. Na kwa ushauri wa vijana wa jimuni alikuwa amepunguza ugali hadi kipande cha kuonjea, kwa imani kwamba wanga hunenepesha tu. Katika miezi miwili alitoka kilo 68 akafika 64.

Nilimwuliza kwa nini kila hatua ilikuwa ya kuongeza kazi. Jibu lake lilikuwa la kitaalamu kabisa.

"Kocha, mgonjwa asipopata nafuu unaangalia dozi. Nilidhani dozi ni ndogo."

Ni jibu la mtu anayefikiri. Shida ni kwamba kabla ya dozi kuna uchunguzi, na katika jimu zetu uchunguzi hurukwa karibu kila mara. Mtu akisema amekwama, wanaomzunguka humwambia akaze. Wachache humwuliza amekwama wapi, kwenye seti ya ngapi, na alilala saa ngapi.

Uamuzi wa kwanza: wiki mbili za kuandika tu

Nilimwomba asibadilishe chochote kwa wiki mbili. Hakupenda. Aliona ni kupoteza muda, na kwa mtu aliyesubiri wiki saba ninamwelewa. Lakini katika simu yake alikuwa ameandika uzani peke yake, "skwoti 70", "presi 30", bila marudio ya kila seti. Kwa maandishi hayo hakuna anayeweza kusema ni nini kilichosimama.

Akanunua daftari la mistari. Kila siku aliandika uzani, marudio ya kila seti, dakika za kupumzika kati ya seti, zamu aliyotoka, saa alizolala, na alichokula tangu asubuhi. Mistari sita, si zaidi, kwa sababu daftari linalotaka mengi huachwa siku ya tatu.

Wakati huo huo tuliazima mizani ya muuza nafaka na kupima sahani zote za jimu. Hili ningelisisitiza kwa yeyote anayefanya mazoezi mahali ambapo sahani zimemiminwa na mafundi tofauti kwa miaka tofauti. Sahani mbili zilizoandikwa 10 zilikuwa na kilo 9.4 na 10.3. Jozi ya kilo tano ilikuwa nyepesi pande zote mbili. Kwa hiyo "skwoti 70" ya Jumatatu na "skwoti 70" ya Alhamisi hazikuwa mzigo mmoja. Zingeweza kupishana kwa kilo nzima na zaidi, kutegemea mkono umeokota ipi. Tukaandika uzani halisi wa kila sahani kwa rangi ya mafuta, na Sista akachagua zake za kutumia daima.

Wiki mbili zilipokwisha tulikaa na daftari, tukalisoma zoezi moja baada ya jingine. Hapo ndipo kisa kilipofunguka, kwa sababu mazoezi matatu yalikuwa yamesimama kwa namna tatu tofauti.

Presi ya kilo 30: 5, 5, 5, kila siku, bila kutetereka. Presi ya kilo 35: mara moja, au mara mbili kwa kupinda mgongo, kisha basi.

Skwoti ya kilo 70: 5, 5, 3. Siku nyingine 5, 4, 2. Siku nyingine 5, 5, 4. Na siku moja tu 5, 5, 5.

Dedilifti ya kilo 100: 3, na pembeni kwa mwandiko wa haraka, "mkono umeteleza".

Presi: shida ilikuwa kwenye sahani

Jimu ile sahani yake ndogo kabisa ilikuwa kilo mbili na nusu. Ukiweka moja kila upande umeongeza kilo tano. Kwa skwoti ya 70 hiyo ni nyongeza ya asilimia saba hivi, nzito lakini inaweza kuvumilika. Kwa presi ya 30 ni karibu asilimia 17.

Ipo kanuni ya Epley ambayo makocha wengi huitumia kukadiria uzani ambao mtu anaweza kuuinua mara moja tu: zidisha uzani kwa marudio, gawa kwa 30, kisha jumlisha na uzani wenyewe. Kwa Sista, 30 mara 5 ni 150. Gawa kwa 30 unapata 5. Jumlisha na 30, unapata 35. Yaani programu ilikuwa inamtaka azisukume mara tano, kwa seti tatu, kilo ambazo mwili wake wakati huo ungeweza kuzisukuma mara moja. Wiki saba alijilaumu kwa mabega dhaifu, na mabega yalikuwa yanafanya kazi yake sawasawa.

Nilipomwonyesha hesabu hiyo alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nafeli mtihani wa darasa la mbele."

Njia mbili zilikuwepo. Ya kwanza haina gharama: kubaki kwenye kilo 30 na kupandisha marudio, kutoka matano hadi sita, saba, nane kwa seti zote, ndipo kujaribu uzani unaofuata. Tulianza na hiyo mara moja. Ya pili ni kutafuta sahani ndogo, na hiyo ndiyo iliyomfaa zaidi, kwa sababu Sista hupenda kuona namba ya uzani ikisogea, na mtu anayependa mazoezi yake huja.

Madukani sahani za nusu kilo ni nadra na bei yake haina huruma. Tulikwenda kwa fundi wa jua kali kule Kibuye na mchoro mdogo. Chuma cha kawaida kina uzito wa gramu 7.85 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo unaweza kupiga hesabu kabla ya kukata: kisahani cha unene wa milimita 6, kipenyo cha sentimita 12.7, chenye tundu la sentimita 5.1 katikati ili kipite kwenye chuma kikubwa cha jimu, kitakuwa na nusu kilo karibu kamili. Fundi alikata vinane. Viwili vilizidi kidogo; akavilamba kwa grainda, akaviweka kwenye mizani ya jikoni tuliyokuja nayo, akavilamba tena mpaka ikasoma 500. Akaondoa makali ya pembeni na kuvipaka rangi nyekundu. Anayetaka kufanya hivi akumbuke kupima unene wa chuma cha jimu yake kwanza, maana jimu nyingi za mitaani zina vyuma vyembamba.

Kuanzia hapo presi ilipanda kilo moja kila mara. 31: 5, 5, 5. 32: 5, 5, 5. 33: 5, 5, 4, kisha siku iliyofuata 5, 5, 5. Kilo 34 zilimshika karibu wiki mbili, akazirudia bila kuzikimbia, zikapita.

Dedilifti: mikono

Hapa nitapita haraka. Kisumu ni joto, mabati huongeza joto, na kiganja chenye jasho hakishiki chuma. Nguvu za mgongo na mapaja zilikuwepo. Vidole vilifunguka kabla. Alikuwa akitumia chaki ya ubaoni, ambayo haifyonzi jasho ipasavyo. Ile ya wanamichezo ni magnesiamu kaboneti. Tulipoipata, na alipojifunza kushika kiganja kimoja kikitazama mbele na kingine nyuma kwa ile seti nzito pekee, kilo 100 zilipanda mara tano wiki hiyo hiyo. Seti za kupasha mwili moto aliendelea kuzishika kwa kawaida ili vidole navyo vipate nguvu.

Skwoti: hapa ndipo palipokuwa na kazi

Skwoti haikuwa na jibu moja.

Kwanza tuliondoa alivyoviongeza: siku ya nne, seti mbili za ziada, na mbio za alfajiri. Sababu ni ya wazi. Mwili haupati nguvu wakati wa kubeba. Unapata wakati wa kupona, na yeye alikuwa ameongeza kazi huku akipunguza chakula na usingizi. Ilimuuma kuacha kukimbia, kwa sababu mbio zilikuwa muda wake wa peke yake. Tulikubaliana atembee kwa miguu badala yake, bila haraka.

Pili, mapumziko kati ya seti. Kwa sababu ya foleni ya chuma alikuwa akipumzika dakika moja, akiona aibu kuwakalisha wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa kwa wanaume waliozoea mazoezi kwa wiki nane, ulikuta waliopumzika dakika tatu waliongeza nguvu kuliko waliopumzika dakika moja. Suluhisho la foleni lilikuwa la kijamii: akatafuta mama mwingine wa uzani unaokaribiana, wakawa wanapokezana chuma. Mmoja akibeba, mwenzake anapumzika. Dakika tatu zikapatikana bila kumkosea mtu.

Tatu, zamu. Daftari lilionyesha kwamba ile siku ya 5, 5, 5 ilikuja baada ya kulala nyumbani usiku mbili mfululizo. Siku zote za 5, 4, 2 alikuwa ametoka zamu ya usiku, amekabidhi wodi asubuhi, amepitia jimuni moja kwa moja kabla ya kwenda kulala. Alifanya hivyo kwa sababu akilala kwanza, watoto wanarudi shule na siku imekwisha.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuhamishia mazoezi jioni, kabla ya kuingia zamu. Halikufaa. Aliingia wodini na mapaja mazito, na ikifika saa nane usiku alikuwa akitafuta ukuta wa kuegemea. Muuguzi aliyechoka ni hatari kwa mgonjwa, na hakuna skwoti inayostahili hilo. Tuliacha baada ya wiki mbili.

Kilichofaa ni kuipa ratiba ya hospitali nafasi ya kuongoza programu. Wiki ya zamu za usiku ikawa wiki nyepesi: siku mbili tu, uzani wa asilimia 80, seti mbili badala ya tatu, hakuna kuongeza chochote. Skwoti nzito ikawekwa siku ya pili baada ya usiku kwisha, akiwa ameshalala kitandani kwake. Makocha hupanga wiki nyepesi kila baada ya wiki kadhaa ili uchovu upungue. Sista alikuwa nazo tayari kwenye ratiba ya kazi, ila alikuwa akizitumia kujichosha zaidi.

Nne, chakula. Ugali ulirudi sahani nzima. Kuhusu protini, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya majaribio 49, ulionyesha kwamba faida ya kuongeza protini kwa wanaobeba vyuma huishia karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 64 hiyo ni gramu 102. Alichokuwa akila hakikufika hata nusu: chai na mandazi asubuhi, sukuma wiki na kaugali mchana, na usiku chochote watoto walichobakiza.

Hakuna haja ya mikebe ya unga wa protini kwa mtu anayekaa kando ya ziwa. Omena iliyokaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na inauzwa kwa kipimo sokoni. Yai moja lina gramu sita hivi. Nusu lita ya maziwa ina gramu 16 au zaidi kidogo. Ndengu na maharagwe hujazia. Alizoea kubeba mayai mawili ya kuchemsha na mtindi kwenda zamu ya usiku, na omena ikawa chakula cha kawaida cha mchana. Gramu 102 hakuzifikia kila siku. Kwa makisio yetu alikuwa anakaa kati ya 80 na 90, na hiyo ilikuwa hatua kubwa kutoka alikokuwa.

Baada ya hayo yote skwoti ilisogea, lakini kwa kusitasita. Kilo 72: 5, 5, 4. Kisha 5, 5, 3. Na hapa daftari lilituonyesha kitu ambacho bila kuandika marudio ya kila seti tusingekiona. Seti ya kwanza ilikuwa nzuri siku zote. Ya pili inapita. Ya tatu inaanguka, hata akiwa amepumzika dakika nne, hata akiwa amelala vizuri. Pembeni aliandika, "pumzi". Siku moja nilimtazama akipasha mwili moto kwa kilo 40, uzani wa kuchezea kwake, akaweka chuma na kukaa kwenye benchi akihema kama aliyepanda ghorofa. Nikatazama viganja vyake, kisha ndani ya kope la chini. Mimi si daktari, na sikumwambia ana nini.

"Sista, ungekuwa wodini ukamwona mama mwenye hali hii, ungemwambia nini?"

Alicheka kidogo. "Ningemwambia akapimwe damu."

Hemoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu, ilikuwa gramu 10.4 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya 12 kuwa ni upungufu wa damu. Kipimo cha malaria siku hiyo hakikuonyesha vimelea, lakini alikuwa ameugua malaria mapema mwaka huo, na Kanda ya Ziwa ndiyo yenye mzigo mkubwa wa malaria kuliko sehemu nyingine za Kenya. Ugonjwa ule huharibu chembe nyekundu za damu. Hedhi yake pia ilikuwa nzito. Daktari wake alimpa vidonge vya madini ya chuma na kumwekea tarehe ya kupimwa tena.

Upande wetu ulikuwa mdogo: kupunguza skwoti hadi kilo 65, seti mbili, mpaka pumzi irudi, na chai. Chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Sista alikuwa akinywa chai na kila mlo. Kuihamisha saa moja au mbili mbali na chakula na vidonge lilikuwa gumu kuliko skwoti yoyote, hasa akienda kwa wakwe, ambako kikombe humfuata mgeni hadi kwenye sahani. Huko alikunywa. Nyumbani na kazini aliweza, na kwenye sukuma wiki akazoea kukamulia ndimu, kwa sababu vitamini C husaidia ufyonzaji.

Matokeo

Miezi mitano baada ya kuanza daftari hali ilikuwa hivi. Presi kilo 35 kwa 5, 5, 5, ule uzani uliomshinda wiki saba. Dedilifti kilo 110 kwa marudio matano. Skwoti kilo 80 kwa 5, 5, 5, na seti ya tatu haianguki. Uzito wa mwili ulirudi 66. Hemoglobini ilifika 12.6. Mgongo haujamshika tena, na hilo ndilo alilolijia tangu mwanzo. Siku za mazoezi ni tatu, mbili katika wiki za usiku, yaani chache kuliko alizokuwa nazo alipokwama.

Uchambuzi

Hatua iliyozaa zaidi ni wiki mbili za kuandika marudio ya kila seti. Sura ya namba ndiyo iliyotenganisha sababu. Mtu anayemaliza 5, 5, 5 kwa uzani mmoja na kuanguka kabisa kwa unaofuata, mara nyingi nyongeza ndiyo kubwa. Anayeanza vizuri na kuporomoka seti ya tatu, tazama mapumziko, usingizi, chakula, na afya. Anayeandika kwamba mkono umeteleza, mwamini. Tungempa dawa moja kwa yote matatu, kwa mfano kupunguza uzani wote kwa asilimia kumi na kupanda upya kama programu nyingi zinavyoelekeza, dedilifti ingeshuka bila sababu, na presi ingefika 30 tena na kugonga ukuta ule ule.

Kubadilisha kitu kimoja kwa wakati tulifanikiwa kwa presi na dedilifti. Kwenye presi, visahani ndivyo vilivyobadilisha mwendo, na hilo ninalisema bila wasiwasi. Kwenye skwoti mabadiliko yaliingia karibu pamoja: ugali ulirudi wiki ile ile ratiba ya zamu ilipobadilika, na mwenzake wa kupokezana chuma akapatikana siku hizo hizo. Kwa hiyo sifa ya zile kilo za mwanzo haigawanyiki. Ninavyopima mimi, kumrudishia chakula chake mama anayelala kwa muda wa saa nne tu ni jambo la kufanywa leo, hata kama linachafua hesabu za kocha.

Kilichoshindwa kabisa ni mazoezi ya kabla ya zamu. Kwa mwalimu au mwenye duka jioni ingefaa. Kwa mtu anayeingia kazini saa ambayo wengine wanalala, na maisha ya watu yakiwa mikononi mwake, haifai. Lengo la protini nalo lilitimia nusu, na kizuizi hakikuwa ujuzi. Kilikuwa pesa za mwisho wa mwezi na watoto wanaokula kwanza. Kocha anayeandika gramu bila kuuliza jikoni kuna nini anaandika karatasi tu.

Jambo la damu linanigusa zaidi. Wanawake wengi katika jimu zetu wana hedhi, wengi wamewahi kuugua malaria, wengi wanakunywa chai na kila mlo, na wengi wameambiwa wapunguze kula. Wakichoka kwenye seti ya tatu wanaambiwa wakaze moyo. Mazoezi ya nguvu hayakumletea Sista upungufu wa damu. Yaliuweka mahali pa kuonekana, kwenye safu ya namba. Kocha hatibu wala hapimi ugonjwa, lakini pumzi inayokatika kwenye uzani mwepesi, moyo unaodunda bila sababu, au kizunguzungu cha kusimama ni mambo ya kumpeleka mtu maabara kabla ya kumwongezea sahani hata moja. Na vidonge vya madini ya chuma asinywe mtu kwa kukisia, kwa sababu madini hayo yakizidi mwilini nayo yana madhara.

Kwa sasa kilichosimama ni benchi presi, kilo 42. Daftari linaonyesha 5, 5, 5, kisha kwenye 43 anashindwa katikati ya njia, chuma kikiwa nusu ya safari kutoka kifuani. Visahani vyekundu vipo, usingizi upo, damu ipo sawa. Tumemrudisha kilo 36 kwa seti tatu za marudio manane, akisimamisha chuma kifuani kwa sekunde moja kabla ya kusukuma, na ataongeza nusu kilo kila upande atakapomaliza yote manane kwenye seti zote tatu.